Sura ya Saba: Hewa Isiyohesabiwa

Kati ya Juni na Agosti mvua hupungua jimboni Maniema, na vumbi jekundu la Kindu huingia kila mahali: kwenye vitenge vilivyoanikwa, kwenye mihogo iliyotandazwa kando ya barabara, kwenye vifua vya waendesha pikipiki. Huingia pia katika magari ya 4x4 yanayotumia dizeli, na hapo ndipo lalamiko lilelile husikika katika gereji za komini ya Kasuku. Gari linawaka bila shida. Likisimama linaunguruma vizuri. Halitoi moshi. Lakini likipakiwa watu na mizigo, likakutana na mlima, halivuti. Dereva anakanyaga mpaka mwisho na gari halijali.

"Fundi, turbo imekufa," atasema dereva. Fundi wa kwanza atakubaliana naye. Wa pili atataja nozeli, wa tatu pampu, na kila jina jipya lina bei kubwa kuliko lililotangulia. Turbo nzima zimefunguliwa mara nyingi mno kwa kosa la kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, kilichofungwa kwa skrubu mbili tu kwenye bomba la hewa, karibu na boksi la filta. Kipande hicho ni sensa ya hewa, au debimetri kama wanavyoiita mafundi waliosoma kwa Kifaransa. Kazi yake ni moja: kuiambia kompyuta ya gari ni gramu ngapi za hewa zinaingia kwenye injini kila sekunde. Ikidanganya, kompyuta haina njia rahisi ya kujua kwamba imedanganywa.

Sura hii ina jambo moja la kusisitiza, nalo nitalirudia bila aibu: sensa hupimwa kwanza, husafishwa baadaye, na hununuliwa mwisho kabisa. Watu wengi huanzia mwisho.

Mahali penyewe panadai utaratibu huo. Kindu ina komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba. Alunguli iko ng'ambo. Reli inayotoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo inakomea hapa Kindu. Kuelekea kaskazini kuna mto hadi Ubundu, na kuelekea mashariki lazima uvuke maji kwanza, kisha ushike barabara ya Kalima kwenda Bukavu. Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi Februari, njia ya mashariki imekuwa ngumu zaidi. Kwa anayehitaji kipuri haraka, kinachobaki ni ndege, na ndege hutoza kwa kilo. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akibahatisha kipuri, anapoteza pesa na mchana mmoja. Mtu wa Kasuku akibahatisha, gari linakaa juu ya mawe wiki kadhaa, na kama ni gari la kituo cha afya, kuna wagonjwa watakaobebwa kwa pikipiki muda huo wote. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kupima ni anasa ya gereji kubwa. Kupima kunahitajika zaidi pale ambapo kipuri hakipo.

Kwanza hakikisha kwamba gari lako lina sensa hiyo. Land Cruiser ngumu za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, lita 4.2, mitungi sita, pampu ya kimakanika, hazina. Injini hiyo imekuwepo tangu 1990 na bado inapendwa na mashirika yanayofanya kazi vijijini kwa sababu hiyohiyo: haina kompyuta ya kudanganywa. Fundi akikuambia sensa ya hewa ya 1HZ imeharibika, chukua ufunguo wako uondoke. Lakini Prado nyingi zenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3 zinayo, Nissan Patrol za lita 3 zenye ZD30 zinayo, Land Rover Td5 zinayo. Kwa Hilux ni lazima uangalie kwa macho, kwa sababu injini yenye jina lilelile inaweza kuja na sensa au bila sensa kutegemea soko iliyotengenezewa. Fungua boneti, fuata bomba linalotoka kwenye boksi la filta. Ukiona plagi ya waya tatu hadi sita imechomekwa kwenye bomba hilo kabla ya turbo, umeipata.

Ndani yake kuna nini? Kuna kipande kidogo, mfano wa punje ya ulezi, kinachoning'inia kwenye nyaya nyembamba ndani ya kijia cha hewa. Umeme hukipasha moto kikae juu ya joto la hewa inayopita kwa kiwango kisichobadilika. Hewa ikipita inakipoza. Saketi inaongeza umeme ili joto lirudi palepale. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi, ndivyo umeme unavyohitajika zaidi, na umeme huo ndio kipimo. Pembeni yake kuna punje nyingine inayopima joto la hewa yenyewe, maana hewa ya baridi hupoza zaidi kuliko ya joto na hesabu lazima ilizingatie hilo. Hesabu za waya wa moto uliowekwa kwenye mkondo wa hewa ziliandikwa mwaka 1914 na Louis Vessot King wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, zamani kabla hazijafika kwenye gari. Bosch waliingiza waya huo kwenye magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mfumo wao wa wakati ule, kila injini ilipozimwa waya ulipashwa mpaka kufikia nyuzi 1,000 hivi kwa sekunde moja ili uchafu uungue. Sensa za bamba jembamba zilizokuja baadaye hazijichomi namna hiyo. Uchafu ukishika, unabaki.

Kuna jambo katika hesabu za King ambalo fundi wa Kasuku anapaswa kulishika kuliko mengine yote. Umeme haupandi sawasawa na hewa. Hewa ikiwa kidogo, ongezeko dogo tu la hewa husukuma volti juu kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, volti hupanda polepole mno. Maana yake ni kwamba huku juu, tofauti ndogo ya volti ni gramu nyingi sana za hewa. Sensa yenye utando wa udongo inaweza kusoma vizuri kabisa, au hata kuzidisha kidogo, gari likiwa limesimama, kisha ikapunguza vibaya gari likiwa mlimani. Ndiyo sababu dereva anakuja na gari linalounguruma safi na kuapa kwamba barabarani halivuti, na wote wawili, dereva na injini, wanasema kweli.

Sasa tuone kompyuta inafanya nini na namba hiyo, kwa sababu hapa ndipo dizeli inapotofautiana na petroli na ndipo mafundi waliozoea Corolla wanapopotea. Katika injini ya petroli, hewa ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta. Katika dizeli, mguu wako ndio unaoomba mafuta, na hewa huingia tu kadiri injini inavyoweza kuvuta. Kompyuta hutumia namba ya sensa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia moshi mweusi: ikiona hewa haitoshi, inakunyima sehemu ya mafuta uliyoomba. Ya pili ni kuongoza vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya injini. Moshi ukirudi mwingi, hewa safi inayopita kwenye sensa inapungua, na kwa kupungua huko kompyuta inajua vali imefunguka kiasi gani.

Basi sensa ikisoma pungufu, kompyuta inaamini hewa haipo. Inakunyima mafuta na inaifunga EGR. Gari linakuwa safi, halina moshi, halina nguvu. Sensa ikisoma zaidi ya ukweli, mambo yanageuka: mafuta yanazidi, EGR inafunguka kuliko inavyotakiwa, masizi yanajaa kwenye manifoldi, na moshi mweusi unatoka. Ukiyashika haya mawili, swali la kwanza la kumuuliza dereva ni hili: "Shefu, likikosa nguvu, linatoa moshi au halitoi?" Jibu lake linakupeleka upande mmoja au mwingine kabla hujashika hata bisibisi.

Usianze na sensa. Anza na kidole. Fungua boksi la filta, toa filta, na upitishe kidole kwenye upande wa hewa safi, yaani upande unaoelekea kwenye injini. Kidole kikitoka chekundu, vumbi linapita, na hakuna sensa itakayodumu kwenye gari hilo. Hata ukifunga mpya leo, baada ya kiangazi kimoja utarudi palepale. Vumbi la laterita ni udongo laini wenye oksidi ya chuma, na chembe zake ndogo zikigusa kipande kinachopashwa moto huganda kama zimechomwa tanuruni. Tafuta lilikopitia. Huenda mpira wa filta umebonyea upande mmoja. Huenda klipu ya boksi imekatika na mtu amefunga kwa waya. Huenda filta yenyewe imetobolewa na kompresa.

Hilo la kompresa linastahili kusemwa kwa sauti. Katika gereji nyingi filta ya karatasi hupulizwa kwa presha yote iliyopo, mdomo wa bomba ukiwa umeigusa karatasi, kutoka upande wowote uliokuwa karibu. Filta inatoka nyeupe, mteja anafurahi, na karatasi imejaa matundu asiyoyaona. Kama hakuna filta mpya, ipige taratibu na kiganja, kisha ipulize kutoka ndani kwenda nje, presha isizidi bar 2, bomba likiwa mbali na karatasi. Baadaye ingiza taa ya simu katikati ya filta, mahali penye giza, na uizungushe polepole. Nukta yoyote ya mwanga mkali ni tundu, na filta hiyo kazi yake imekwisha. Filta za pamba zinazopakwa mafuta sizishauri kabisa kwa gari lenye sensa ya hewa: yakipakwa mengi kupita kiasi, yanabebwa na hewa hadi kwenye sensa, na vumbi linapata gundi.

Baada ya filta, fuata mipira yote. Ufa uliopo kati ya sensa na turbo huingiza hewa isiyohesabiwa: sensa inasoma pungufu ingawa ni nzima, na mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Ufa uliopo baada ya turbo, hasa kwenye mpira wa kuelekea intakula (kipoza hewa), hufanya kinyume: hewa imehesabiwa, kisha imevuja kabla haijafika kwenye mitungi. Kompyuta inatoa mafuta kwa hewa ambayo haipo tena, na moshi mweusi unatoka. Magari mengi yenye moshi mweusi huhukumiwa kwa nozeli kumbe ni mpira uliopasuka upande wa chini, usioonekana mpaka uubonyeze kwa mkono. Maji ya sabuni kwenye viungo vyote na mtu mmoja wa kukanyaga mafuta vinatosha kuonyesha uvujaji wa baada ya turbo. Upande wa kabla ya turbo hauna presha ya kutoa mapovu, basi huko tumia vidole na macho, na ukunje kila mpira.

Ukishajiridhisha na njia ya hewa, chukua multimita. Kwenye Toyota nyingi za aina hii plagi ina pini tano, na michoro ya Toyota huziita +B, E2G, VG, THA na E2. Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye +B unatakiwa kupata volti za betri. Kati ya ardhi ya sensa, yaani E2G, na hasi ya betri, mita isionyeshe zaidi ya volti 0.1, ikizidi hapo una waya mbovu au pini yenye kutu ya kijani, na hali ya unyevu ya bonde la Lualaba huleta kutu hiyo kwa wingi. Usiruke hatua hii. Sensa yenye ardhi mbovu husoma uongo kwa nguvu zake zote, na kuibadilisha hakusaidii.

Kisha upime joto. Chomoa plagi, weka mita kwenye ohmu, kati ya THA na E2 upande wa sensa. Kwa nyuzi 20 kipimo cha Toyota ni kilo-ohmu 2.21 hadi 2.69, kwa nyuzi 60 ni 0.49 hadi 0.67. Kivulini Kasuku, mchana wa nyuzi 30, tarajia kati ya 1.5 na 1.8. Mita ikionyesha waya uliokatika, punje ya joto imekufa na hesabu nzima imeharibika hata kama punje ya moto ni nzima.

Sasa kipimo chenyewe. Chomeka plagi tena, ingiza ncha ya mita kutoka nyuma ya plagi kwenye VG, na uangalie volti mbili: swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka, halafu injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa. Ziandike. Kanyaga kwa ghafla hadi mwisho, uachie. Volti lazima ipande haraka, bila kusita na bila kurukaruka, kisha ishuke. Kama huna njia ya kuifikia VG gari likiwa limefungwa, itoe sensa, ipe volti 12 kati ya +B na E2G, weka mita kwenye VG, na upepee hewa kuelekea kwenye kijia chake kwa kipande cha katoni. Volti isipocheza kabisa, hakuna cha kusafisha. Kwa sensa za Bosch za aina ya HFM5, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Ulaya, hewa ikiwa imetulia tarajia karibu sana na volti 1. Ikikaa mbali na hapo, ishuku. Na ujue kwamba sensa nyingine za kisasa hazitoi volti bali hutoa mapigo ya umeme yanayohesabiwa kwa hezi. Kwa hizo mita ya kawaida itakupotosha.

Mwenye kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kwa simu ana silaha bora zaidi, kwa sababu anaona gramu kwa sekunde. Lakini namba haina maana kama hujui ilipaswa kuwa ngapi, na hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe. Chukua Prado ya lita 3. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, inavuta mara 375, yaani lita 1,125 kwa dakika, au lita 18.75 kwa sekunde. Kindu iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kwa nyuzi 30 lita moja ya hewa ya hapa ina uzito wa gramu 1.1 hivi. Zidisha: gramu 20.6. Mitungi haijai kikamilifu, chukua asilimia 85, na unapata gramu 17 hadi 18 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kutarajia EGR ikiwa imefunga. EGR ikiwa wazi, namba inaweza kushuka hadi karibu nusu, na si ubovu. Ukipandisha hadi mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama, hesabu hiyohiyo inakupa gramu 58, na turbo inaongeza kidogo juu yake. Sensa inayokuonyesha 30 hapo, wakati EGR imefunga na mipira ni mizima, imejishtaki yenyewe.

Hesabu hii ni ya Kindu. Lipeleke gari hilohilo Bukavu, mita 1,500 na zaidi juu, na namba zitashuka hata kama sensa ni nzima, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Fundi anayelinganisha namba zake na za rafiki yake wa mji mwingine bila kufikiria mwinuko atahukumu vibaya.

Kuna kipimo cha haraka ambacho madereva wengi wanakijua: zima gari, chomoa plagi ya sensa, washa, nenda barabarani. Nguvu zikirudi, sensa ina kesi ya kujibu. Kwenye Land Rover Td5 kipimo hiki kinasaidia sana, kwa sababu kompyuta inaiacha sensa na kutumia namba yake ya akiba. Kwenye magari mengine kompyuta ikikosa sensa inapunguza nguvu makusudi ili kulinda injini, kwa hiyo gari likibaki zito hujathibitisha lolote. Ukumbuke pia kwamba kila unapoichomoa unaacha msimbo wa hitilafu, mara nyingi P0100 au P0102, na fundi wa kesho akiukuta atadhani ni wa leo. Soma misimbo kabla ya kuchomoa chochote, uiandike, ndipo uendelee.

Vipimo vikionyesha kwamba sensa iko hai lakini inasoma pungufu, hapo ndipo kusafisha kuna maana. Injini iwe imepoa na swichi imezimwa. Futa vumbi lote la nje kwanza, maana ukifungua skrubu mbili hizo bomba liko wazi kuelekea kwenye turbo. Toa sensa taratibu, ziba tundu kwa kitambaa safi. Ielekeze kwenye mwanga uichungulie kijiani. Punje nzima hung'aa. Yenye shida ina ganda la kahawia, wakati mwingine unywele au bawa la mdudu.

Usiiguse. Si kwa brashi, si kwa pamba ya masikio, si kwa kona ya kitambaa, si kwa hewa ya kompresa. Nyaya zake hukatika kwa nguvu ambayo kidole hakiisikii. Kinachohitajika ni spreyi iliyotengenezwa kwa sensa za hewa, au spreyi ya kontakti za umeme isiyoacha mafuta. Petroli, mazutu (yaani dizeli), mafuta ya taa na dawa ya kabureta vikae mbali. Dawa ya kusafishia breki nayo iache. Nyingine hula plastiki.

Spreyi hizo hazipatikani kila siku Kindu, na ndiyo maana watu hukimbilia duka la dawa kununua alkoholi. Inaweza kufaa, lakini si kila chupa. Ile ya nyuzi 70 ina maji mengi. Ya kusafishia mikono huwa na gliserini. Nyingine zimetiwa kafuri au rangi. Ijaribu: dondosha matone mawili kwenye kioo safi, kiache kivulini hadi kikauke, kisha kitazame kwa mshazari kwenye mwanga. Kikibaki safi kabisa, alkoholi hiyo inaruhusiwa. Kikibaki na duara au ukungu, ukungu huohuo utakaa juu ya punje na kuifanya iwe mbaya kuliko ulivyoikuta. Isopropili ya asilimia 99 ndiyo bora, na chupa moja iliyoagizwa kwa ndege itasafisha magari mengi.

Spreyi ishikwe umbali wa sentimita 10 hadi 15, upulize mara kumi au zaidi kwa vipindi vifupi, pande zote mbili za kijia, plagi ikiwa juu ili uchafu udondoke chini. Kama unatumia alkoholi ya chupa, imimine kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, ipite kijiani na kutoka, bila kuielekeza kwa kasi kwenye punje. Iache ikauke kivulini, saa nzima kama ni alkoholi. Usiifunge ikiwa mbichi: alkoholi inawaka, na punje inapata moto mara swichi inapowashwa. Tazama oringi yake. Ikiwa imekauka au imekatika, badilisha, la sivyo umejitengenezea uvujaji mpya. Mshale ulio kwenye mwili wa sensa uelekee kwenye injini. Plagi iingie mpaka isikike.

Halafu upime tena, kwa vipimo vilevile, injini ikiwa na joto lilelile. Volti na gramu ulizoandika mwanzo ziwekwe kando ya hizi mpya. Zisipobadilika, hukusafisha tatizo, hata kama dereva anasema gari limekuwa jepesi. Madereva ni watu wema, na mtu aliyetoka kulipa hupenda kuona tofauti. Mita haina huruma hiyo.

Neno kuhusu bamba la chuma. Mafundi wengi huziba EGR kwa bamba lililokatwa kwa mkono ili masizi yapungue. Sina ugomvi mkubwa nalo, lakini likishafungwa, hewa yote inayoingia ni safi, na gramu za silensa zinapanda juu ya zile ambazo kompyuta inatarajia. Taa ya hitilafu inawaka, mtu anasoma P0401 au P0101, na sensa isiyo na kosa inatupwa. Ukifunga bamba, liandike kwenye daftari la gari, uliandike kwa namna ambayo fundi mwingine ataliona.

Na kama sensa imekufa kweli, agiza kwa namba iliyo kwenye mwili wake, si kwa umbo. Za Toyota zilizotengenezwa na Denso huanza na 22204, kisha zinaachana, na nyingi zina plagi moja na skrubu za nafasi ileile. Ya gari la petroli itaingia kwenye Prado ya dizeli bila kulazimishwa, itawasha gari, na itatoa namba za bomba lenye kipenyo kingine. Bandia ni tatizo la pili: mpya kabisa, inang'aa, na inasoma pungufu kwa asilimia ambayo hakuna atakayeijua bila kupima. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuipima dukani kwa betri na mita kabla hujalipa. Akikataa, umepata jibu.

Ile sensa nzima ya gari zima, ipime sasa, kabla halijaumwa: volti ya swichi, volti ya silensa, gramu za silensa EGR ikiwa imefunga, gramu za mizunguko 2,500. Andika pamoja na tarehe na mahali ulipopimia. Mwenye magari matatu akiwa na namba hizo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti, atatambua siku ya kwanza kilichobadilika, na hatanunua turbo.

Kuna magari yatakayopita vipimo vyote hivi. Kidole kitatoka safi, mipira itakuwa mizima, gramu zitakuwa 17, volti itapanda bila kusita, na bado gari halitavuta kupanda milima ya Kalima. Hapo hewa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na kilichobaki ni mafuta. Mazutu ya Kindu mara nyingi yamepitia kwenye mapipa na madumu, na maji huingia njiani. Fungua kizibo cha chini cha filta ya mafuta, kinga kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na uache itulie nusu saa. Tunayoyasoma kwenye chupa hiyo ndiyo kazi ya sura ya nane.